Gaudiosa Ni Mtoto wa Nani

Kilosa, 2 Machi 1953

Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, ameniita chumbani mwake asubuhi, na kama kawaida yangu nilianza kujiuliza nimekosea nini. Sikuwa nimekosea. Mezani alikuwa na maombi manne ya vijana wa wilaya hii wanaotaka kwenda Makerere. Amenitaka niandike ukurasa mmoja juu ya kila mmoja: amesoma wapi, amepata nini, na nafasi yake ikoje.

"Usinipambie mtu," alisema. "Nataka kujua nikimpeleka huyu, ataingia au hataingia."

Jimbo zima la Mashariki litapeleka watu wawili tu mwaka huu. Wilaya yetu itamsimamia mmoja kwa fedha za hazina ya wenyeji, na huyo atakwenda Morogoro mwezi wa tano kuhojiwa pamoja na wale wa wilaya nyingine. Watatu kati ya waombaji ni wavulana. Wa nne ni Gaudiosa, binti wa Lupakisyo, mkata mkonge wa shamba la ng'ambo ya mto. Familia yake naifahamu. Mama yake, Marselina, ndiye anayetupikia chakula cha mchana makarani tusio na wake.

Bado sijathibitishwa kazini. Naandika hapa kwa sababu pale ofisini sina ninayeweza kumwambia kwamba naogopa.

4 Machi

Mvua kutwa. Nimemaliza wavulana watatu. Mmoja ni hodari, wawili wamependekezwa kwa sababu ya baba zao.

5 Machi

Leo Gaudiosa. Nilidhani ukurasa wake ungekuwa mwepesi kwa kuwa alama zake hazina mjadala. Katika mtihani wa kuingilia hakuna aliyemkaribia, si kwa hesabu wala kwa Kiingereza. Sista aliyemfundisha ameandika kwamba binti huyu akishindwa swali, hulirudia jikoni, shambani na kanisani mpaka limshinde nguvu au alishinde. Anataka udaktari.

Kisha nikaandika yanayompinga, maana niliambiwa nisipambe. Ni msichana, na wakubwa wa Morogoro watamuuliza kuhusu ndoa kabla ya kumuuliza kuhusu masomo. Shule yake haina chumba cha majaribio. Moyo wa chura ameuona kwenye picha tu. Akiogopa, sauti yake inapotea. Hata hivyo mwishoni niliandika hivi: akifika Morogoro ataingia, kazi ni kufika Morogoro.

Yale ya juu nilijaza haraka, kama tunavyojaza kila siku. Jina, umri, dini, kazi ya baba, kabila: Mnyakyusa.

7 Machi, Jumamosi

Mzee Lupakisyo amekuja chumbani kwangu baada ya kazi, mikono imechanwa na miiba ya mkonge, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, karani. Sikai. Nimekuja na swali moja. Nafasi yake imekaaje?"

Nilimweleza kwamba mambo ya ofisi hayatoki nje. Akaitikia kwa kichwa kana kwamba nimesema jambo la maana sana, halafu akauliza tena vilevile, "Nafasi yake imekaaje?"

Nikamwambia ni nzuri. Akaniambia masista wamemwekea binti nafasi ya ualimu katika chuo chao, ya uhakika kabisa, lakini wanataka jibu kabla ya mwisho wa Aprili. Baada ya hapo watampa mwingine.

"Sasa wewe uliyesoma, niambie. Nishike hiki kilichopo, au nisubiri kile?"

"Subiri, mzee," nilisema. Alipoondoka nilikaa kitandani nikijiuliza. Nani amenipa mamlaka ya kumwambia mtu asubiri?

14 Machi

Amekuja tena. Swali lilelile. Jibu lilelile.

19 Machi

Mto Mkondoa umefura. Treni ya kutoka Dodoma imelala Kidete kwa sababu reli imemomonyoka, na barua za kwetu ziko humo. Marselina ametupikia maharage bila nazi na kuomba radhi kama vile ni yeye aliyeleta mafuriko.

24 Machi

Siku mbaya.

Kamati ya hazina imekaa katika chumba cha baraza. Nilikuwa pembeni nikiandika. Karani mkuu, Bwana Stefano, alisoma kurasa zangu moja baada ya nyingine kwa sauti yake ya kanisani. Wazee walisikiliza alama za Gaudiosa, na mmoja alipiga mluzi. Nikaanza kupumua. Ndipo jumbe mmoja, mkuu wa kijiji, aliponyoosha kidole.

"Rudia pale juu. Kabila gani?"

"Mnyakyusa," akasema Bwana Stefano.

"Basi huyu si wetu. Hazina hii ni kodi ya wenyeji. Mtoto wa manamba, kibarua wa mkonge, kwao ni Rungwe. Rungwe wana kahawa, wamsomeshe wao."

"Amezaliwa hapa," alisema Bwana Shauri.

"Hata paka wangu amezaliwa hapa," jumbe akajibu, na wote wakacheka, hata mimi nilicheka kidogo, Mungu anisamehe.

Ukurasa wake ukawekwa kando. Bwana Shauri ameagiza simu ya maandishi ipigwe Rungwe kuuliza kama watamsimamia. Nilipokusanya karatasi Bwana Stefano aliniangalia kwa muda mrefu. "Mgogo," alisema, "mwandiko wako mzuri sana." Sikujua ananisifu au ananidhihaki. Namwona kuwa mtu mwenye roho mbaya.

28 Machi, Jumamosi

"Nafasi yake imekaaje?"

"Bado wanazungumza, mzee."

Nimemdanganya.

2 Aprili

Rungwe wamejibu. Hawamjui Gaudiosa, hawamjui Lupakisyo, na wanao watoto wao wengi. Niliiweka karatasi ya simu mezani kwa Bwana Stefano, nikasimama. Nadhani nilikuwa nakaribia kulia, maana alisukuma kiti kwa mguu.

"Keti. Kwenu Ugogoni, mtoto ni wa nani?"

"Wa baba, bwana."

"Na kwa Mnyakyusa?"

"Wa baba."

"Na kwa Msagara?"

Nilitazama sakafu.

"Miezi yote hii unakula ugali wa Marselina, hujamuuliza kwao ni wapi? Mama ni Msagara wa Malolo. Kwa Wasagara mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli ni mjomba. Wale wazee wote pale barazani wanalijua hilo kuliko majina yao. Lakini wewe uliandika Mnyakyusa, na sahihi ya Bwana Shauri iko chini yake. Mzee gani atasimama kumkosoa Bwana Shauri kwa niaba ya manamba?"

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Kwa sababu haitoshi mimi kusema. Mwenye mtoto ndiye aje aseme." Akachukua kalamu yake. "Na funga mdomo, nzi wataingia."

3 Aprili, Ijumaa Kuu

Nilimkuta Marselina anafua nguo nyuma ya nyumba. Gaudiosa alikuwa kanisani. Nilimuuliza moja kwa moja, na sabuni ikamtoka mkononi.

"Nimelijua tangu Machi," alisema. "Yule jumbe ni binamu yangu wa mbali. Alinisalimu sokoni siku ileile, akaniangalia kwa huruma."

"Mbona hukusema, mama?"

"Nimwambie nini mume wangu? Alipotaka kunioa alifanya kama kwao. Alikwenda mbugani Mikumi, akanunua ng'ombe wawili kwa mfugaji mmoja, Saning'o, akawaswaga kwa miguu mpaka Malolo. Siku tatu. Kwetu hakuna aliyewaomba. Kaka yangu alitoka nje akawatazama wale ng'ombe, akauliza, 'Hawa wamepotea?'" Alicheka, kisha akajifuta uso kwa kanga. "Lakini waliwachinja. Na Lupakisyo alirudi anatembea kama mtu aliyenunua nchi. Kwao ukitoa ng'ombe, watoto ni wako. Mpaka leo akilewa husema, 'Gaudiosa nimemtolea ng'ombe.' Sasa mimi nimwambie kwamba hawakununua kitu?"

Aliniomba nisimwambie mumewe mpaka kaka yake, Kondo, ajulishwe kwanza. Nimekubali. Kila mtu ananiomba ninyamaze, nami ni hodari wa kunyamaza.

5 Aprili, Pasaka

Gaudiosa ameniletea sahani ya wali. Aliniuliza mambo matatu kuhusu mapafu, ambayo sikuyajua. Sauti yake haikupotea. Labda niliandika vibaya hata pale.

12 Aprili

Nimerudi kutoka Mikumi, nimechoka, lakini niandike kabla sijasahau.

Nilipata nafasi juu ya lori la kazi za barabara. Tulinasa kwenye tope mara nne. Mahali pamoja tembo walikuwa wamesimama barabarani, na dereva akazima taa na injini, tukasubiri wapite kama watu wanaosubiri mkubwa amalize hotuba. Kondo alikuwa amepelekewa salamu, akapanda kutoka Malolo na kunisubiri kwenye duka la Mhindi, amekaa juu ya gunia la mtama. Nilitegemea kumwona mkulima mpole. Ni mtu mfupi, mkavu, macho yake hayatulii.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye karani? Kabila gani?"

"Mgogo."

"Mgogo! Njaa imeanza tena huko kwenu?" Akacheka peke yake mpaka akakohoa. Nikajua kwamba ni utani, na kwamba tunaweza kuzungumza.

Nilimweleza yote, pamoja na kosa langu. Hakukasirika. Alisema jambo ni jepesi: Gaudiosa ni mtoto wa dada yake, ni wa ukoo wao, na kila mzee wa Kisagara atakubali. Ningeweza kumkumbatia. Kisha akaendelea.

"Lakini sitakwenda kusema peke yangu. Nikisema peke yangu, yule Mnyakyusa atazunguka Kilosa nzima akisema Kondo ameniibia mtoto. Aje yeye mwenyewe barazani, aseme kwa mdomo wake."

"Mzee, alitoa ng'ombe."

"Tuliwala. Walikuwa watamu, na nilimshukuru. Hatukumuuzia mtu."

"Itamvunja."

"Miaka kumi na minane amenipita njiani na kunisalimu kama mtu anayesalimu mlinzi wa shamba lake. Na huyo binti, akishasomeshwa kwa jina letu, siku ya kuolewa watakuja kwangu kwanza. Mwambie na hilo. Sitaki aseme hakuambiwa."

Niliondoka nikimchukia. Njiani, juu ya lori, nilijaribu kutafuta alipokosea na sikupaona.

14 Aprili

Nimemwambia Mzee Lupakisyo. Nilikwenda nyumbani kwao kambini baada ya kazi, mvua ikinyesha. Wote watatu walikuwepo. Nilianza na kosa langu, nikadhani hilo ndilo litakalomkasirisha.

"Hukukosea," alisema. "Uliandika kabila lake. Ni Mnyakyusa."

Nikamweleza mengine. Nilipofika kwa Kondo na sharti lake, aliinua mkono kama mtu anayezuia gari.

"Ng'ombe wangu wawili," alisema.

Akamgeukia mkewe.

"Marselina. Ng'ombe wangu wawili?"

"Baba Gaudiosa," mkewe akasema taratibu, "kwetu hawana kazi hiyo."

"Ulijua? Siku ile ninafika pale na matope mpaka magotini, ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaniacha nicheze mbele ya watu."

"Ulikuwa umefurahi," Marselina alisema. "Sikuwahi kukuona umefurahi hivyo."

Hapo Gaudiosa aliweka chini taa aliyokuwa akiisafisha. "Baba, nitakwenda kwa masista. Ualimu ni kazi nzuri. Hakuna haja ya mtu kusimama barazani."

Nilimtazama nikaona kwamba anasema kweli, angekwenda, na angekuwa mwalimu hodari, na asingelitaja jambo hili tena maisha yake yote. Lupakisyo naye alimtazama.

"Wewe nyamaza," alisema. "Haya ni ya wakubwa." Kisha akaniuliza mimi, kwa sauti ya chini, "Nikisema, nafasi yake ikoje?"

"Akifika Morogoro ataingia."

"Una hakika?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nimefundishwa kwamba mtu mwenye uchungu anahitaji kuambiwa ndiyo. "Sina hakika, mzee," nilisema. "Wako wengi, nafasi mbili. Anaweza kukosa hata wewe ukisema."

"Kwa hiyo naweza kumpoteza mara mbili."

Alichukua kofia yake akatoka mvuani. Marselina hakumfuata. "Ananyeshewa," alisema tu, akaanza kupika.

18 Aprili, Jumamosi

Hakuja kuuliza.

22 Aprili

Sista ameandika akitaka jibu. Gaudiosa hajajibu. Anafundisha watoto wa kambini kuhesabu kwa vipande vya nyuzi za mkonge. Kondo amewasili Kilosa, amefikia kwa yule jumbe. Bwana Shauri ameweka kikao tarehe 28. Nilimwambia kwamba kosa la kabila lilikuwa langu. Ilibidi nirudie ili asikie. Akasema, "Nami nilitia sahihi," akaendelea kuandika. Hajasema kama nitathibitishwa.

25 Aprili, Jumamosi

Hakuja leo pia. Mnyapara wa shamba anasema siku hizi hasemi na mtu, anakata mizigo mingi kuliko vijana.

28 Aprili

Niliketi pembeni, karatasi mbele yangu, na sikuweza kuandika neno la kwanza. Kondo alikuwa amevaa kanzu. Lupakisyo hakuwepo. Bwana Shauri alitazama saa yake, Bwana Stefano akasema barabara ya ng'ambo ina matope, tusubiri. Barabara ya ng'ambo naijua. Haina matope kiasi hicho.

Ndipo akaingia. Alikuwa na nguo za kazi, na utomvu wa mkonge umemkaukia mikononi. Alikataa kiti.

Kondo alisimama akasema maneno yake: dada yake, ukoo wao, mtoto wao. Alisema vizuri, bila kejeli. Wazee wakaitikia. Jumbe yule akamgeukia Lupakisyo.

"Na wewe, shemeji, umesikia. Mtoto ni wa nani?"

Mvua ilikuwa imekatika na nilisikia kuku nje.

"Ni wa kwao," alisema.

"Kwao nani? Sema ieleweke."

"Kwao mama yake. Kwa Kondo."

"Na wewe ni nani kwake?"

Hilo halikuwa na lazima. Hata Kondo aligeuka kumtazama jumbe kwa hasira. Lakini Lupakisyo alilifikiria kana kwamba ni swali la haki.

"Mimi ninakaa na mama yake," alisema.

Hakusubiri zaidi. Alivaa kofia humohumo ndani ya chumba cha baraza, akatoka. Wazee walipitisha jina la Gaudiosa bila mjadala. Bwana Stefano alikuwa anatazama dirishani. Alinipa ukurasa mpya. "Andika upya," alisema. "Andika taratibu." Niliandika: Msagara. Mwandiko wangu ulikuwa mbaya.

Jioni Gaudiosa aliandika kwa masista kuwashukuru na kuwaambia wampe mwingine nafasi yake. Sasa hakuna pa kurudi.

11 Mei

Wameondoka kwa treni ya asubuhi kwenda Morogoro, Kondo na Gaudiosa, maana sasa Kondo ndiye mzazi. Marselina alifunga viazi kwenye kitambaa. Kondo alikuwa anaogopa treni akijifanya haogopi. Gaudiosa alikuwa akitazama njia ya shambani mpaka kengele ikalia. Baba yake hakuja.

15 Mei

Gaudiosa amerudi. Waliuliza kuhusu ndoa. Alijibu kwamba mjomba wake yupo nje, wamuulize yeye, na wakubwa watatu waliomhoji wakacheka. Kisha wakamuuliza kuhusu moyo, na akauchora. Kondo anasema alimsikia kupitia mlangoni, neno baada ya neno. Kuhusu baba yake, Gaudiosa ananiambia kwamba humsalimu kila asubuhi, naye huitikia marahaba, basi.

23 Mei

Mvua zinaisha. Hakuna barua.

2 Juni

Watu wote uwanjani kwa sherehe za kutawazwa kwa Malkia. Bendi ya polisi. Hakuna barua.

9 Juni

Barua imekuja kabla ya saa nne. Bwana Shauri aliisoma amesimama, akanipa. Gaudiosa amechukuliwa. Wa pili ni kijana wa Morogoro. Nilikimbia jikoni kwetu makarani walikokuwa Marselina na binti yake, na Marselina akakaa chini sakafuni palepale. Gaudiosa aliisoma barua mara mbili, akaikunja. "Baba ameambiwa?" aliuliza.

"Bado."

"Nenda wewe," alisema. "Nikienda mimi hatainua kichwa."

Bwana Stefano alinipa ruhusa kabla sijaomba. Nilivuka daraja nikaingia shambani. Mistari ya mkonge ni mirefu na yote inafanana, nikaelekezwa na mnyapara mpaka mwisho kabisa, karibu na mlima. Alikuwa peke yake. Aliniona kwa mbali na hakuacha kukata: anainama, anakata jani kwenye shina, anakata mwiba wa ncha, anatupa kwenye mzigo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, barua imekuja. Gaudiosa ameingia."

Akakata jani, akakata ncha, akalitupa. Akakata jingine.

"Ameingia, mzee. Watu wawili jimbo zima, na yeye mmoja wao."

"Nimesikia," alisema. Kisu kilisimama, lakini hakuinua kichwa. "Kamwambie mjomba wake."

Niliona kwamba hataongeza neno. Nikageuka kurudi. Nilikwenda hatua nyingi kati ya mistari, nikisubiri kusikia kisu kikianza tena nyuma yangu. Nilifika kwenye reli ya matoroli na bado sikuwa nimekisikia. Sikugeuka kutazama.